Umri wa Mnyoo Haupimwi kwa Kalenda

Kazi yangu ni minyoo. Kutibu watu kuna wenyewe. Mimi nawakuza minyoo, nawahesabu na kuwatazama wanavyohangaika, katika maabara ya utafiti huku Kanda ya Ziwa. Mtu akisikia hivyo hukunja pua kwanza, halafu huuliza kama hawajawahi kuniingia. Hilo nitalijibu mbele ya safari. Kwanza nataka kueleza jambo moja ambalo kazi hii imenifundisha polepole, na naona linamhusu kila anayechota maji ziwani au anayelima peku: mnyoo anayetafuta mtu wa kumwingia ana muda wake, muda huo unaliwa na joto, na mnyoo mzee hatafuti kama mnyoo kijana.

Mzee aliyenipokea maabara alikuwa na desturi iliyonichosha. Ukimwekea kisahani chochote mezani, kabla hajainamia hadubini atauliza, "Hawa wana umri gani, na walilala wapi?" Walilala wapi, yaani usiku uliopita walikaa kwenye joto gani: kwenye friji, juu ya meza, au dirishani panapopigwa jua. Ukimjibu "Ni wa jana, mzee," anakurudishia kisahani chako. Jana saa ngapi? Nilidhani ni ukali wa watu wa zamani tu. Sasa mimi ndiye ninayeuliza, na vijana ndio wanaonikunjia uso.

Nianze na kichocho, maana ndicho chenye shughuli huku kwetu. Kule pwani na visiwani, Unguja na Pemba, kinachojulikana ni kichocho cha mkojo. Mtoto anakojoa damu na kila mtu anaona. Huku ziwani tunacho zaidi kile cha tumbo, Schistosoma mansoni, ambacho kinaharibu utumbo na ini kimyakimya, mpaka siku mtu mzima anavimba tumbo au anatapika damu. Vyote viwili hupitia kwa konokono. Yai linatoka na kinyesi au mkojo, likiangukia maji yasiyo na chumvi linapasuka, na kinatoka kijidudu kiitwacho mirasidia, ambacho kina saa chache tu za kumpata konokono wa aina yake. Akimpata, anazaliana humo ndani kwa wiki kadhaa. Maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 28, mwezi mmoja na siku kidogo unatosha. Yakipoa, kazi inavuta, na baridi ikizidi inasimama kabisa. Kisha konokono huyo anaanza kumwaga sekaria majini, mamia kwa siku, mara nyingine maelfu, na anaweza kuendelea hivyo wiki hadi wiki.

Sekaria ndiye anayetuingia. Ana kiwiliwili kidogo na mkia uliogawanyika ncha mbili, na mzima mzima hafiki milimita moja. Mwenye macho mazuri anamwona hata bila hadubini, mradi aweke karatasi nyeusi nyuma ya kichupa. Huyu hali kitu. Tangu anapotoka kwa konokono mpaka anapokufa au kuingia kwenye ngozi, haongezi hata chembe ya chakula; nguvu zake zote ni akiba ya glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa mwilini, aliyotoka nayo. Ni kibatari kilichotiwa mafuta mara moja, na dumu la mafuta halipo tena. Kuogelea kunaunguza akiba hiyo, na maji yenye joto yanaiunguza haraka zaidi hata kama ametulia.

Konokono wenyewe tunawaokota mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, kwa upawa wa wavu wenye mpini mrefu, kwenye matete na mizizi ya magugumaji, tukiwa tumevaa mabuti marefu ya mpira na glavu. Maabara kila mmoja anawekwa kwenye kichupa chake chenye maji safi. Usiku wanakaa gizani, asubuhi wanawekwa chini ya taa, maana mwanga ndio unaowatoa sekaria. Haipiti muda mrefu kabla maji ya konokono aliyeambukizwa hayajajaa vidoa vidogo vinavyocheza. Unachukua tone, unatia ayodini, wanakufa wakibadilika rangi, unahesabu. Hiyo ndiyo kazi kwenye karatasi.

Kwangu raha ilikuwa kuwatazama kabla ya ayodini. Sekaria aliyetoka muda si mrefu hatulii. Anapanda kwa kutanguliza mkia, anaupiga kwa nguvu mpaka karibu na uso wa maji, anaacha, anazama taratibu, kisha anapanda tena. Siku ambazo kazi haikunibana nilizoea kuwagawa wa konokono mmoja kwenye vichupa viwili, kimoja nikakiacha chumbani kwenye joto na kingine nikakiweka mahali penye ubaridi. Mwanzoni wale wa joto ndio wachangamfu. Wale wa baridi wanapanda kwa uvivu na wanapumzika muda mrefu. Ukiwatazama kwa dakika tano tu utasema hawana maana. Ikifika jioni mambo yanageuka. Asubuhi ya pili kichupa cha joto wengi wako chini, wengine wamekwisha kufa, wengine wanatikisika tu na baadhi wamekatika mikia, wakati kule kwenye ubaridi bado kuna wanaoogelea.

Na wale wanaotikisika pale chini wasikudanganye. Kuwa hai ni jambo moja, kuweza kuingia kwenye ngozi ni jambo jingine. Uwezo wa kuambukiza unashuka mapema kuliko uhai. Ndiyo maana maabara zinazoambukiza panya kwa ajili ya utafiti huwatumia sekaria ndani ya saa chache tangu watoke. Ukiwatumia wa asubuhi jioni, panya wako watapata minyoo pungufu na utaanza kutafuta mchawi. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, Lawson na Wilson, walionyesha kwamba uhai wa sekaria unafuata akiba yake ya glikojeni, na joto la maji ndilo linaloamua akiba hiyo inaliwa kwa kasi gani. Nilipoisoma kazi yao nilicheka, maana ni swali la mzee wetu limewekewa hesabu. Sekaria wawili waliotoka saa moja na konokono mmoja hawana umri mmoja kama mmoja kalala kwenye joto na mwenzake kwenye ubaridi.

Sasa ichukue saa ya konokono uilinganishe na saa za watu. Sekaria wa huku kwetu wanaanza kutoka jua likishapanda, na wengi zaidi wanatoka kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana hivi. Nenda mwaloni saa hizo uone nani yuko majini. Akina mama wanafua, kwa sababu nguo zikianikwa juu ya mawe muda huo zinakauka palepale. Watoto wametoka shule wanaoga. Wengine wanaosha dagaa, wengine wanasukuma mtumbwi, na kuna kijana anayeosha pikipiki hadi magotini. Maji yako kwenye joto lake la juu, sekaria ni wengi na wote ni vijana. Usiku, wakati wavuvi wa dagaa wako mbali ziwani wakiwa na taa zao, wale wa mchana wanazeeka.

Wakati fulani huko Ukerewe nilikuwa nayaeleza haya kwa kikundi cha akina mama, nikidhani nimebeba habari njema. Mama mmoja wa makamo akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, tuje ziwani saa ngapi?"

"Mama, hakuna saa isiyo na kichocho kabisa," nikamwambia. "Ila asubuhi na mapema wengi waliomo majini ni wale wa jana, wamechoka. Ikikaribia saa nne wapya wanaanza kutoka."

"Asubuhi na mapema kuna kiboko."

Wenzake wakacheka, mimi nikacheka nao, na sikuwa na jibu. Mwingine akaongeza kwamba akifua alfajiri atakuwa amewaacha watoto na nani, na uji utapikwa na nani. Tangu siku hiyo siwapi watu ratiba. Nawaeleza konokono anavyofanya, wao ndio wanajua kiboko yuko wapi. Jambo moja walilolikubali ni kwamba kama kuna kazi inayoweza kusogezwa bila shida, basi isogezwe mbali na mchana: mtoto akatazwe kuchezea maji saa saba hata kama jioni utamruhusu. Jioni pia si salama, nisieleweke vibaya. Wale wa saa nane bado wana nguvu zao. Ni tofauti ya hatari kubwa na hatari ndogo kidogo.

Na saa hizi ni za huku. Visiwa vya Guadeloupe, kule Karibi, kuna mahali ambapo kichocho hikihiki cha tumbo kinaishi kwenye panya, na sekaria wake wanachelewa kutoka mpaka mchana unapoelekea jioni, karibu na muda ambao panya wanaanza kuzunguka. Dhofar, kusini mwa Oman, wamepatikana wanaotoka usiku, na huko nako panya wametajwa. Kwa hiyo ndugu zetu walio Salalah, huko huko Dhofar, wasizichukue saa zangu kama zilivyo. Mnyoo anapanga saa yake kwa kumfuata mwenye mwili, na hao wa Dhofar wamemfuata mnyama wa usiku.

Kinachofaa kila mahali ni ule ufupi wa maisha yake. Maji yaliyochotwa bila konokono ndani yake, yakafunikwa na kuachwa siku mbili, sekaria waliomo wanaishiwa. Huu ni ushauri wa zamani, umo kwenye miongozo ya afya, ambayo mingi husema siku moja hadi mbili. Mimi nashikilia mbili kamili, na sababu ni ileile ya vichupa vyangu: maji ya kwenye mtungi ulio kivulini ni ya baridi, na sekaria kwenye ubaridi anakaa zaidi kuliko yule aliye kwenye tangi jeusi linalochomwa na jua. Shule moja niliyoifahamu iliweka mapipa mawili, leo wanajaza hili, wanatumia lile la juzi. Anayechota apitishe maji kwenye chujio, kwa sababu konokono mmoja akiingia pipani hesabu yote imeharibika. Huyo atamwaga wapya kila siku humo humo. Na hapa nasema maji ya kuoga na kuosha vyombo. Ya kunywa yachemshwe, kwani vimelea vya homa ya matumbo havina habari na siku zetu mbili.

Turudi kwa sekaria mwenyewe, anajuaje kwamba amefika? Hana macho ya kumwona mtu. Wilfried Haas na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Erlangen kule Ujerumani, walitumia miaka mingi kupekua hatua hizi moja moja, na walichokuta ni kwamba kila hatua ina ishara yake. Joto la ngozi linamfanya ashike na kukaa. Kuna kemikali za ngozi zinazomwambia abaki. Lakini amri ya kuingia inatoka kwenye mafuta ya ngozi, hasa asidi za mafuta kama ile ya linoleiki. Hili unaweza kuliona kwa kisahani cha kioo. Paka mafuta ya paji la uso wako chini yake, tia maji yenye sekaria wapya, yafikishe joto la mwili. Wataanza kutambaa kwenye kioo, watajisukuma kwa kichwa, watamwaga vimeng'enya vyao na kuukata mkia. Kioo hakitoboki. Na akishaukata mkia hana njia ya kurudi majini, anafia palepale.

Ndipo nilipoona umri ulivyo na maana. Wapya wanafanya haya kwa pupa. Wale waliolala chumbani kwenye joto, wengi wanapita juu ya mafuta yaleyale na hawajisumbui.

Kwa safura hadithi inabadilika kipimo. Huko hatuhesabu saa, tunahesabu wiki.

Kwamba mnyoo wa safura huingia kwa ngozi kuligunduliwa Cairo, miaka ya 1890, na Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifundisha utabibu huko. Alidondokewa mkononi na maji yenye lava, yaani minyoo wachanga wa safura, ngozi ikamuwasha na kuwa nyekundu. Baadaye akapima kinyesi chake mwenyewe na kukuta mayai. Wenzake wengi hawakumwamini. Ajabu ni kwamba Looss huyohuyo alipinga kwa miaka kwamba kichocho kinahitaji konokono, mpaka mtafiti mwenzake Robert Leiper alipofika Misri mwaka 1915 na kuonyesha kwamba kinahitaji. Mtu anaweza kuwa sahihi kabisa juu ya mnyoo mmoja na kupotea kabisa juu ya jirani yake. Hilo nalikumbuka ninapojiona najua.

Yai la safura likianguka kwenye udongo wenye unyevu, kivuli na vuguvugu, linaanguliwa kwa siku moja au mbili. Lava anakula bakteria, anajivua ngozi, na baada ya siku tano hadi kumi anafika daraja la tatu, ambalo ndilo la kuambukiza. Hapo anaacha kula. Anabaki amevaa ile ngozi ya zamani, na anaishi kwa mafuta yaliyo ndani ya utumbo wake. Hali ikimfaa anaweza kusubiri wiki tatu, nne hivi. Jua kali na ukavu vinammaliza mapema zaidi.

Sisi tunawakuza kwa njia ya Harada na Mori: kinyesi kidogo kinapakwa kwenye ukanda wa karatasi ya kuchujia, ukanda unatiwa kwenye neli ya kioo yenye maji kidogo chini, unaacha mahali penye nyuzi 25 hadi 28. Lava wanashuka wenyewe hadi kwenye maji. Miezi ya baridi neli zinachelewa, na mwanafunzi mwenye haraka anazitupa akidhani hamna kitu. Ukimchukua lava mpya ukamtazama kwa hadubini, utumbo wake una chembe nyeusi nyeusi, ndizo akiba yake ya mafuta. Mzee wa wiki nyingi amekuwa mwangavu, unaona hadi upande wa pili. Kwa hiyo kwa lava wa safura huhitaji kuuliza umri, umeandikwa tumboni. Nimewahi kuona wa neli moja, waliokaa kwenye kabati lenye joto, wamekuwa weupe ndani kabla ya wenzao wa tarehe ileile waliokuwa mahali pa baridi.

Ukitaka kuwatoa kwenye udongo, unatumia joto hilohilo wanalolipenda. Unafunga udongo kwenye shashi, unauning'iniza kwenye faneli yenye maji ya vuguvugu, unasubiri. Lava wanatoka udongoni kulifuata joto, hawawezi kuogelea vizuri, wanazama hadi kwenye mpira uliobanwa chini, unafungua unawakusanya. Mtafiti aitwaye Baermann aliibuni njia hii kwa ajili ya safura zaidi ya miaka mia iliyopita na hadi leo hakuna aliyeiondoa mezani. Ukiniletea udongo wa uani uliopigwa jua siku nzima, faneli itakupa maji matupu. Ukiniletea wa chini ya migomba, pale nyuma ya nyumba ambapo choo hakipo au kimejaa, mvua ikiwa imenyesha juzi, hapo tuna kazi.

Mwanafunzi mgeni simwelezi mengi. Namwambia apulizie pumzi kidogo kwenye kisahani, akiwa amevaa vifaa vyake na kwa umbali. Lava waliokuwa wamelala wamenyooka wanaamka. Wanaanza kujinyonganyonga, wengine wanasimama kwa mkia wakiyumba hewani, wakitafuta. Joto, unyevu na kaboni dayoksidi ya pumzi vimewaambia kwamba kuna mtu jirani. Waliozeeka wanasubiri kidogo kabla hawajaitikia, na baadhi hawaitikii kabisa. Mwanafunzi akishaona hivyo habishani tena juu ya viatu.

Kwa muda mrefu nilifikiri umri na joto vinafanya kazi moja tu, ya kumaliza akiba. Kijana ana nguvu, mzee hana, basi. Makala moja ya mwaka 2016 kutoka maabara ya Elissa Hallem, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilinifanya nifikiri upya. Wao walikuwa na minyoo wadogo wanaoua wadudu, wale ambao wakulima katika nchi mbalimbali huwanunua kuua wadudu waharibifu badala ya kupuliza sumu. Minyoo hao hunusa. Walipokuzwa kwenye joto la chini walivutwa na harufu fulani, na walipokuzwa kwenye joto la juu walizikimbia harufu zilezile, na kinyume chake. Mabadiliko yalikuja polepole kwa siku na wiki, na yakarudi nyuma joto lilipobadilishwa. Kwa baadhi yao umri peke yake ulileta mabadiliko ya namna hiyo. Tena wale wa baridi walionekana kutembea zaidi wakitafuta, kuliko wale wa joto. Na jamaa mmoja wa panya, Strongyloides ratti, anayeingia kwa ngozi, naye alibadilika kwa joto.

Hapo si suala la nguvu tu. Mnyoo amebadili anachokitafuta. Safura wetu hakuwemo kwenye jaribio hilo, kwa hiyo sitamsingizia. Lakini fikiria mkulima aliyenunua minyoo ya kuua viwavi, kopo likakaa kwenye joto la duka kabla halijafika shambani, kisha akamwagilia na hakuona tofauti. Atasema minyoo ni feki. Huenda ni wazima kabisa, na wanakwenda kwingine.

Tangu hapo lebo za maabara yetu zina mistari miwili zaidi: saa waliyotoka au siku waliyofikia daraja la tatu, na joto la kila mahali walipokaa. Vijana wanalalamika kwamba lebo imekuwa ndefu kuliko kichupa. Bado napokea ripoti zilizoandikwa "lava walitumika", bila umri, bila joto, halafu zinatofautiana na ripoti ya jirani na watu wanagombana mikutanoni. Kwangu hayo ni umbea, hata kama yana majedwali.

Na lile swali la kuniingia: ndiyo, wameniingia. Sisi wa konokono hupimwa kila mwaka, na kuna mwaka kinyesi changu kilikuwa na mayai ya kichocho. Anayeokota konokono muda wote huu bila kuingiwa hata mara moja, labda haendi ziwani. Nilimeza prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, baada ya kula, nikasikia kizunguzungu na tumbo likanisokota kidogo, yakaisha.

Ila hata dawa hiyo inauliza umri. Prazikwanteli inaua mnyoo aliyekomaa. Yule ambaye ana wiki mbili, tatu, nne mwilini inampita bila kumfanya kitu cha maana. Kwenye shule za mwaloni, siku ya kugawa dawa, watoto wakipimwa urefu kwa ule mti wenye alama za idadi ya vidonge, wapo watoto wenye minyoo wakubwa na wadogo kwa pamoja. Wakubwa wanakufa, wadogo wanakua, na miezi michache baadaye mzazi anasema dawa ya serikali ni maji tu. Vilevile aliyeogelea ziwani Jumamosi akameza dawa Jumatatu ameiharibu dozi. Ahesabu wiki sita hadi nane tangu alipoingia majini, ndipo apime kinyesi, maana kabla ya hapo minyoo yake haijaanza kutaga vya kutosha na cheti kitasema hana. Lakini akipata homa, kikohozi au vipele kabla ya wiki hizo, asingoje hesabu zangu. Aende hospitali siku hiyohiyo na amwambie daktari aliingia maji gani, na lini.